Kasoro za uwekaji wa vigae bafuni

Kasoro za uwekaji wa vigae bafuni ni dosari zinazobaki katika kuta au sakafu ya bafu kwa sababu ya ufundi mbaya: vigae visivyoshika, mistari iliyopinda, sakafu isiyopeleka maji kwenye tundu lake, viungo vinavyovuja na kadhalika. Nyingine huonekana siku ileile ambayo fundi anakusanya vyombo vyake. Zilizo mbaya zaidi huchukua miezi au hata miaka kabla ya kujionyesha, na kwa kawaida wakati huo fundi ameshalipwa na kwenda zake.

Makala hii inaeleza kasoro hizo, chanzo chake, namna ya kuzikagua na njia za kuzishughulikia kati ya mwenye nyumba na fundi. Mifano mingi inatoka Tanzania bara, hasa wilaya ya Ikungi katika mkoa wa Singida, ambako bafu la ndani lenye vigae ni jambo jipya kwa familia nyingi na gharama yake aghalabu ni akiba ya mavuno kadhaa ya alizeti au mkopo wa mtumishi wa umma.

Majina

Katika Kiswahili sanifu kigae (wingi: vigae) ni kipande cha udongo uliochomwa, neno hilohilo hutumika kwa vigae vya kuezekea na hata kwa kipande cha chungu kilichovunjika. Kwa sababu hiyo, mafundi wa Tanzania bara hulitumia kwa nadra. Wao husema tailizi, au marumaru, ambayo wengi huitamka malumalu. Kwa asili marumaru ni jiwe, yaani chokaa iliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, wala si udongo wa kiwandani. Hata hivyo matumizi yameenea kiasi kwamba mtu anayesema nyumba yake ina marumaru karibu kila mara anamaanisha vigae vya sakafuni.

Historia kwa ufupi

Kuzuia maji yasipenye ukuta wa mahali pa kuogea ni tatizo la kale katika Afrika ya Mashariki. Jumba la Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, la karne ya 14, lilikuwa na birika la kuogea lenye pembe nane lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Zanzibar kuna hamamu za Kidichi, zilizojengwa wakati wa Sayyid Said katikati ya karne ya 19, na zile za Hamamni mjini, za wakati wa Sultani Barghash (alitawala 1870–1888).

Bara mambo yalikuwa tofauti. Wanyaturu wa Singida walijenga tembe, nyumba za miti na udongo zenye paa la bapa, ambazo hazivumilii maji ndani. Kuogea kulikuwa nje, nyuma ya uzio. Nyumba za saruji zilipoenea, bafu lilipigwa lipu na kumaliziwa kwa niru, yaani uji wa saruji tupu unaosuguliwa hadi ung'ae. Niru iliyopigwa vizuri huzuia maji vizuri kuliko vigae vilivyowekwa vibaya, na bado inafaa kwa mwenye fedha kidogo.

Vigae vilishuka bei na kuenea vijijini hasa baada ya viwanda vikubwa kuanza uzalishaji nchini katika miaka ya 2010, huko Mkuranga na Chalinze katika mkoa wa Pwani. Bidhaa ilienea haraka kuliko mafunzo ya kuiweka. Mafundi wengi wa vigae walianza kama waashi au saidia fundi, wakajifunza kwa kutazama. Baadhi yao wamekuwa mafundi hodari sana. Wengine wamejifunza makosa ya waliowafundisha.

Kigae hakizuii maji peke yake

Kosa linalozaa makosa mengine mengi ni imani kwamba ukuta wenye vigae ni ukuta usiopitisha maji. Uso wa kigae kweli haupitishi maji, lakini kati ya kigae na kigae kuna kiungo kilichojazwa grauti, na grauti ya kawaida ya saruji hunyonya maji. Kila mtu anapooga, kiasi kidogo hupenya nyuma. Ukuta ukiwa na lipu imara na kigae kimeshika kote, maji hayo hukauka bila madhara. Palipo na uwazi nyuma ya kigae, maji hutuama humo.

Ndiyo maana katika kazi nzuri sehemu ya kuogea hupakwa kwanza tabaka la kuzuia maji juu ya lipu, sakafuni na ukutani hadi kimo cha bomba la mvua, kisha vigae hufuata. Katika nyumba nyingi za kawaida tabaka hili huachwa kwa sababu halionekani. Dalili hutokea upande wa pili wa ukuta: rangi ya chumba cha kulala inavimba, lipu inamomonyoka karibu na sakafu, na ukuta wa tofali za kuchoma au za udongo huanza kulainika. Katika nyumba ya tofali za udongo jambo hili linahusu usalama wa ukuta wenyewe, si uzuri wake tu.

Chanzo cha kasoro

Msingi wa kazi ni lipu na zege vilivyo chini ya vigae. Lipu mpya husinyaa inapokauka, na ikiwekewa vigae mapema mno huvivuta na kuvipasua. Kanuni za Uingereza hutaka lipu ya saruji isubiri angalau wiki 2 na zege wiki 6. Ikungi iko kwenye uwanda wa juu wenye ukame kiasi, na msimu wake mmoja wa mvua ni kati ya Novemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua na upepo mkavu. Katika hali hiyo lipu hupoteza maji kabla saruji haijakaza, ikabaki ya unga. Inapaswa kumwagiwa maji kwa siku 7 hivi. Mwenye nyumba anayenunua maji kwa dumu huona huo ni upotevu, na hapo ndipo kazi inapoharibika kabla ya kigae cha kwanza kufika.

Mchanga nao una lawama yake. Mchanga wa makorongoni mara nyingi huwa na udongo mlaini ndani yake, na udongo hudhoofisha mshiko wa saruji. Kipimo cha uwanjani ni rahisi: mchanga hutiwa katika chupa ya kioo pamoja na maji yenye chumvi kidogo, chupa hutikiswa na kuachwa kwa saa 3. Tabaka la udongo litakalotua juu ya mchanga likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga huo haufai mpaka uoshwe. Hata mwanafunzi wa sekondari anaweza kufanya jaribio hili.

Kisha kuna namna ya kubandika. Vigae vya ukutani vya kawaida hunyonya maji sana, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Vile vigumu vya porselini havinyonyi zaidi ya asilimia 0.5. Tofauti hiyo hubadilisha kila kitu. Kigae kinyonyaji kikibandikwa kwa saruji na mchanga bila kulowekwa kwanza, hufyonza maji ya mchanganyiko na saruji hufa kabla ya kushika. Fundi wa zamani alijua kuviloweka hadi mapovu yaishe, kisha kuviacha vichuruzike. Kwa upande wa porselini, saruji tupu haipati pa kujishikiza. Inahitajika gundi ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya vigae. Kuloweka kigae kitakachowekwa kwa gundi ni kosa pia, ingawa bado kuna mafundi wanaofanya hivyo kwa mazoea.

Kasoro iliyoenea kuliko zote pengine ni ya madonge. Fundi huweka donge moja katikati na manne pembeni, halafu hukisukuma kigae ukutani. Njia hii ni ya haraka, na inamwezesha kuficha ukuta uliopinda kwa kunenepesha donge upande mmoja. Matokeo yake ni uwazi nyuma ya kigae. Kikigongwa kwenye kona na ndoo, kona huvunjika. Maji yakiingia, hukaa. Njia sahihi ni kutandaza gundi kwa mwiko wenye meno, kukibonyeza kigae huku kikisogezwa kidogo, na mara kwa mara kukibandua kimoja ili kutazama mgongo wake. Viwango vya Marekani hutaka gundi ifunike angalau asilimia 95 ya mgongo wa kigae mahali penye maji, na asilimia 80 mahali pakavu.

Kuhusu mteremko, sakafu ya bafu inatakiwa kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Mteremko hutengenezwa kwenye zege na lipu ya sakafu, si kwenye vigae. Fundi anayefika na kukuta sakafu imelala tambarare ana hiari mbili: kusimamisha kazi na kusema, au kuweka vigae na kunyamaza. Mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa mwashi aliyemwaga zege ni mwingine na tajiri ana haraka ya kuhamia. Tundu nalo huwekwa mara nyingi juu kidogo ya vigae vinavyolizunguka, likabaki kama kisiwa.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini huleta ugomvi mwingi. Viungo vikiwa vyembamba kupita kiasi, kwa sababu mwenye nyumba hapendi mistari, vigae havina nafasi ya kutanuka na siku moja ya joto huinuka pamoja kama paa la hema. Kwenye kona za kuta, na pale ukuta unapokutana na sakafu, grauti ngumu lazima ipasuke kwa kuwa pande mbili hizo husogea tofauti. Hapo panafaa silikoni. Vigae virefu, k.m. sentimita 30 kwa 60, huwa na upinde kidogo katikati vinapotoka kiwandani. Vikipangwa kwa mtindo wa tofali, katikati ya kimoja ikikutana na ncha ya kingine, kingo hujitokeza na kukata miguu. Kuvipisha kwa theluthi moja badala ya nusu hupunguza tatizo.

Mwisho ni asidi. Mafundi wengi humaliza kazi kwa kuosha vigae na asidi kali ili kuondoa mabaki ya saruji. Asidi hiyo hula saruji popote inapoikuta, pamoja na ile iliyo ndani ya grauti. Bafu hung'aa siku ya makabidhiano, na baada ya miezi michache grauti inatoka kwa ukucha.

Kasoro zisizo za fundi

Haki inataka kutenganisha makosa. Vigae hutoka kiwandani vikiwa na namba ya rangi na ya ukubwa kwenye boksi. Maboksi yenye namba tofauti hayalingani hata kama picha ni ileile. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye vigae hadi kimo cha mita 2.1, lina ukuta wa mita za mraba 14.7. Ukitoa mlango wa mita za mraba 1.7 hubaki 13, na sakafu huongeza 3, jumla 16. Pamoja na asilimia 10 ya akiba kwa vipande vinavyokatwa na kuvunjika, zinahitajika kama mita za mraba 17.6. Mwenye nyumba anayenunua 16 kamili ili kubana matumizi atarudi dukani Singida mjini, atapewa boksi la toleo jingine, na mstari hautanyooka. Fundi hatakiwi kulaumiwa kwa hilo, isipokuwa kama yeye ndiye aliyepiga hesabu.

Madoa meupe ya unga juu ya viungo ni chumvi inayobebwa na maji kutoka ndani ya saruji na kuachwa juu maji yanapokauka. Yanaweza kuonyesha kwamba maji yamepenya nyuma ya vigae. Lakini katika sehemu nyingi za mkoa wa Singida maji ya visima yenyewe yana chumvi na madini mengi, na huacha ukoko juu ya kigae kizima. Njia ya kutofautisha ni kufuta na kutazama: ukoko wa maji ya kisima hurudi pale yanaporukia, ilhali chumvi ya saruji hurudi kwenye mistari, hata mahali pasipomwagiwa maji.

Vigae vinavyong'aa kuwekwa sakafuni bafuni pia huwa ni uchaguzi wa mwenye nyumba. Fundi mwema humwonya, kwa sababu mzee akiteleza hapo na kuvunjika nyonga, suala la uzuri halitakuwa na maana tena.

Ukaguzi

Ukaguzi hufanyika kabla ya malipo ya mwisho, mchana, bafu likiwa kavu na safi. Vigae hugongwa kimoja kimoja kwa sarafu. Kilichoshika hutoa sauti nzito, na chenye uwazi hulia kama debe tupu. Kimoja au viwili kwenye ukuta mkavu si msiba. Mfululizo wa vigae vinavyolia chini ya bomba la mvua ni sababu ya kukataa kazi.

Ubao ulionyooka wa mita 2 ukilazwa ukutani usiache nafasi ya zaidi ya milimita 3. Pima maji na timazi huonyesha kama mistari imelala na kusimama sawa. Kwa sakafu, ndoo ya maji humwagwa upande wa mbali na tundu: maji yaondoke yenyewe bila kufagiwa, na baada ya dakika chache pasibaki dimbwi. Kipimo cha mwisho ni kuziba tundu, kujaza maji ya kimo cha sentimita 2 au 3 na kuyaacha kwa saa 24, huku kuta za nje na za vyumba jirani zikitazamwa. Kipimo hiki kina thamani zaidi kikifanywa kabla ya vigae, juu ya tabaka la kuzuia maji. Wachache hukubali kutumia maji hivyo wakati wa kiangazi, na wanaokubali hawajuti.

Marekebisho

Grauti iliyopasuka au kulika hukwanguliwa na kujazwa upya. Kupaka mpya juu ya ya zamani hakudumu. Kigae kimoja kibovu hutolewa kwa kukwangua kwanza grauti inayokizunguka, kisha kukivunja kuanzia katikati kwenda pembeni ili majirani zake wasiguswe. Mabaki ya saruji hutolewa hadi chini kabisa. Hapo ndipo vigae vichache vya akiba vilivyohifadhiwa stoo vinapookoa kazi, maana baada ya mwaka mmoja toleo lile halipatikani tena.

Mteremko mbaya hauna dawa ndogo. Haurekebishwi kwa grauti, wala kwa kusogeza tundu kidogo. Sakafu huvunjwa na kusukwa upya. Wengine huweka vigae vipya juu ya vya zamani. Njia hiyo inawezekana kama vya chini vimeshika barabara, lakini hupandisha sakafu, mlango hukwama, na maji yanaweza kuanza kutiririkia chumbani. Vivyo hivyo uvujaji wa ukutani: kupaka silikoni juu ya kila mstari huchelewesha tu, na huzuia ukuta kukauka.

Hasara huwa kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kigae kilichobandikwa kwa saruji hakitoki kizima na mara nyingi hutoka na lipu. Anayerudia kazi hulipia vigae, gundi, lipu na ufundi, juu ya kile alichokwisha kulipa, pamoja na ubebaji wa kifusi.

Mapatano, madai na sheria

Vijijini mapatano mengi ni ya mdomo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) mapatano ya mdomo ni mkataba halali, ila ni vigumu kuyathibitisha. Karatasi moja inatosha: ukubwa wa kazi kwa mita za mraba, aina ya vigae, nani ananunua gundi, nani anashughulikia mteremko, bei, na mafungu ya malipo. Fungu la mwisho hubaki mkononi mwa mwenye nyumba hadi bafu litumike wiki kadhaa. Katika mikataba mikubwa ya ujenzi desturi hii ni ya kawaida, na fedha hushikiliwa kwa miezi 6 hadi 12. Kwa fundi wa kijijini anayeishi kwa kazi ya wiki, muda huo ni mrefu mno na si haki kumdai. Wiki mbili au tatu zinatosha kuonyesha makosa mengi.

Kasoro ikionekana, hatua ya kwanza ni kumwita fundi aione kabla mtu mwingine hajaigusa, na kupiga picha zenye tarehe. Kumleta fundi wa pili avunje kabla ya wa kwanza kuitwa ni kosa la kawaida: ushahidi hupotea, na fundi wa pili ana faida yake katika kuiponda kazi ya mwenzake. Ni vizuri kumpa wa kwanza nafasi ya kurekebisha kwa gharama ya ufundi wake, huku vifaa vikilipwa na aliyesababisha hasara. Akitimiza, alipwe fungu lake lote.

Wakishindwana, wilayani Ikungi kama kwingineko bara watu huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji, mbele ya wazee wachache na fundi mwingine wa kutoa maoni. Usuluhishi huu una nguvu kwa sababu pande zote mbili zitaendelea kukutana mnadani na msibani, na fundi anategemea jina lake kupata kazi inayofuata. Udhaifu wake ni kwamba aliye na ukoo mkubwa husikilizwa zaidi. Zaidi ya hapo kuna mahakama ya mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 73, inampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya fidia ya hasara iliyotokana nao moja kwa moja, lakini mahakama hutazama pia kama alichukua njia zilizokuwepo za kupunguza hasara hiyo. Aliyeacha maji yavuje mwaka mzima bila kusema atapata kidogo. Madai ya mkataba kwa kawaida huweza kufunguliwa ndani ya miaka 6.

Ikiwa kilicho kibovu ni kigae au gundi yenyewe, mdaiwa ni muuzaji, na risiti ndiyo ushahidi. Ubora wa bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na ulinzi wa mlaji uko pia chini ya Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.

Mafunzo

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha fani za ujenzi katika vyuo vyake, kikiwemo cha Singida. Pamoja na kozi za kawaida, VETA ina utaratibu wa kupima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila kupitia chuo. Fundi mwenye miaka 15 ya kazi anaweza kupimwa, kuelekezwa penye upungufu na kupata cheti bila kurudi darasani miaka miwili. Kwa mwenye nyumba, cheti hicho ni dalili nzuri, lakini hakichukui nafasi ya kwenda kuona bafu ambalo fundi huyo aliliweka miaka mitatu iliyopita na kuligonga kwa sarafu.